Jamaa ya Kizungu Katika Nchi ya Wakikuyu

(Maneno ya hotuba)



Wazee wa Kiswahili walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mtu akikaa sebuleni na kuandaliwa chakula, hawezi kuijua nyumba aliyofikia. Huanza kuijua siku ile anaposhika kazi pamoja na wenyeji, akakosea, akachekwa, akafundishwa. Hotuba hii yaeleza habari za jamaa moja ya Kiingereza iliyofika Kabete, karibu na Nairobi, mwanzoni mwa karne ya 20. Yaeleza jinsi ilivyokaa miongoni mwa Wakikuyu, na jinsi watoto wa jamaa hiyo walivyopata makao mawili, na taabu iliyofuata makao hayo mawili.

Jamaa hiyo ni ya Kasisi Harry Leakey wa misheni ya Church Missionary Society. Mkewe alikuwa Mary Bazett, aliyeitwa May na watu wa nyumbani. Bibi huyu aliijua Afrika kabla ya kuolewa, kwa kuwa alifanya kazi ya misheni Mombasa katika miaka ya 1890, akaugua sana, akarudishwa kwao. Madaktari wakamwonya asirudi Afrika tena. Walakini mwaka wa 1902 alikuwa amekwisha rudi, pamoja na mumewe na binti zao wawili wadogo, Julia na Gladys.

NYUMBA YA KABETE

Wakati ule Nairobi ilikuwa mji mchanga sana. Reli ilifika hapo mwaka wa 1899 tu, na kutoka mjini mpaka Kabete palikuwa na mwendo wa kilomita zipatazo 13, kupanda vilima na kuvuka mito. Nyumba ya kwanza ya jamaa ya Leakey haikuwa ya fahari. Kuta zake zilikuwa za udongo, paa lake la nyasi, na mvua ilipokuwa nyingi paa lilivuja.

Mkikuyu aliyepita njiani hakuona ajabu kwa udongo wala kwa nyasi, kwa maana vitu hivyo alivijua. Aliona ajabu kwa mpango wa nyumba. Nyumba ya mwanamke wa Kikuyu ilikuwa ya mviringo, na katikati yake palikuwa na mafiga matatu na moto. Moshi ulipanda ukakausha nyasi za paa na kufukuza wadudu, na watoto walilala karibu na joto la mama yao. Nyumba ya Mzungu ilikuwa na pembe nne. Jiko lilitengwa mbali, chumba cha kulia kilikuwa mahali pake, na vyumba vya kulala vilikuwa na milango. Mtu akifa baridi katika nyumba kama hiyo, hana mafiga ya kukimbilia. Na baridi ya Kabete, hasa mwezi wa Julai na Agosti, si ya mzaha.

Katika baridi hiyo, tarehe 7 Agosti 1903, Bibi Leakey alijifungua mtoto mwanamume kabla ya miezi yake kutimia. Hapakuwa na hospitali ya kumpeleka. Mtoto alizungushiwa pamba, na majiko ya makaa yakawekwa karibu naye usiku na mchana ili asipoteze joto. Akaishi. Akaitwa Louis.

Habari za mtoto mweupe zilienea upesi, na wazee kwa akina mama wakaja kumtazama. Wakamtemea mate. Mzungu aliyetoka Ulaya jana angekasirika, akamwondoa mtoto, akaona ametukanwa. Lakini kwa Wakikuyu mate ya mzee ni baraka. Tena, mate ni sehemu ya mwili wa mtu, na adui akiyapata aweza kuyatumia kwa uchawi. Kwa hiyo mtu anapokutemea mate kwa hiari yake, amekuaminisha nafsi yake. Jambo moja lilikuwa tusi upande mmoja wa bahari, na heshima kubwa upande wa pili. Jamaa ya Leakey ilielezwa maana hiyo, ikaikubali. Hapo ndipo ilipopewa jembe.

BABA KWA KALAMU, WATOTO KWA SIKIO

Bwana Leakey alijifunza Kikuyu kama mtu mzima ajifunzavyo, yaani kwa kalamu na karatasi. Alikaa na vijana wa Kikuyu, akauliza maneno, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wale waliofanya kazi ya kuitafsiri Biblia katika Kikuyu. Wenyeji walimpa jina la Giteru kwa sababu ya ndevu zake, na jina la utani si jambo dogo. Mgeni asiyependwa hupewa jina nyuma ya mgongo wake tu. Mgeni aliyezoewa huitwa jina lake mbele ya uso wake, naye huitika.

Watoto hawakuhitaji kalamu. Kikuyu ni lugha ya kupanda na kushuka kwa sauti, na neno lile lile likitamkwa kwa sauti nyingine huwa na maana nyingine. Mtu mzima hutaabika sana kwa jambo hili, lakini mtoto hulipata kabla hajajua kwamba ni gumu. Julia, Gladys, Louis na ndugu yao Douglas, aliyezaliwa mwaka wa 1907, walicheza na watoto wa Kabete, wakasikia hadithi na vitendawili vyao, wakakua na lugha mbili kinywani.

Basi siku ya watoto hao ilikuwa na sehemu mbili. Asubuhi walikaa mezani na mwalimu wa kike aliyeletwa kutoka Uingereza, wakasoma vitabu vya Kiingereza na hesabu. Mchana walitoka nje, na huko walimu wao walikuwa wengine. Ndani ya nyumba mtoto mwema alimtazama mkubwa usoni alipojibu, akala kwa uma na kisu, akaulizwa kwa sauti, "Mko wangapi?" naye akahesabu. Nje ya nyumba kuhesabu watu au mifugo kwa kidole lilikuwa jambo baya, maana ni kama kuviitia msiba. Ndani ya nyumba saa ilikuwa ukutani. Nje ilikuwa katika jua, na katika kurudi kwa mbuzi. Watoto hawakuona shida. Walivuka kizingiti mara kumi kwa siku, na kila walipovuka walivaa adabu ya upande ule.

LOUIS NA RIKA LAKE

Aliyevuka mbali kuliko wote ni Louis. Mzee mmoja aitwaye Joshua Muhia alimfundisha kuwinda. Alimwonyesha jinsi ya kusoma nyayo, jinsi ya kutega mtego, na jinsi ya kunyemelea mnyama bila haraka, hata mwindaji akawa kama kichaka. Elimu hii haikuandikwa katika kitabu cho chote, na mwanafunzi asiye na subira alishindwa mtihani wake siku hiyo hiyo, kwa kuwa mnyama alikimbia.

Mwaka wa 1915, wakati wa Krismasi, Louis alipewa kitabu cha Kiingereza kilichoeleza habari za watu wa kale waliotumia zana za mawe. Akaanza kuokota vipande vya jiwe jeusi lenye kung'aa kama kioo, vilivyofunuliwa na mvua njiani na mashambani. Wakikuyu walivijua vipande hivyo, wakaviita "nyenji cia ngoma", yaani nyembe za mizimu. Baadaye mlinzi wa makumbusho ya Nairobi akamhakikishia kwamba baadhi yake ni zana za watu wa kale hasa. Kitabu kilitoka Ulaya, na jiwe lilitoka Kabete. Bila kimoja, cha pili kisingalimfaa kitu.

Alipofika umri wa vijana wenzake, Louis aliingizwa katika rika la Mukanda pamoja nao. Mambo ya jando ni siri, naye aliapa kuitunza, akaitunza. Akapewa jina la Wakaruigi, maana yake mwana wa kipanga. Na kama ilivyo desturi ya kijana wa Kikuyu aliyekwisha kuwa mtu mzima, alijijengea nyumba yake mwenyewe, akalala humo, akaweka humo vitu vyake. Alikuwa na miaka ipatayo 13 au 14. Kwa hesabu ya Kiingereza alikuwa bado mtoto wa shule. Kwa hesabu ya Kikuyu alikuwa mwanamume mwenye nyumba, mwenye rika, na mwenye neno mbele ya wenzake.

Hesabu hizi mbili zingeweza kupatanishwa kama angepelekwa Ulaya mapema, kama ilivyokuwa desturi ya Wazungu wengi. Jamaa ilikuwa imekwenda Uingereza mara mbili, Louis alipokuwa mdogo, ikarudi mara ya pili mwaka wa 1913. Kisha vita vya 1914 vikafunga njia ya bahari, na Louis akabaki Kabete miaka ile yote ambayo kijana hugeuka kuwa mtu. Baadaye yeye mwenyewe aliandika kwamba katika mawazo na katika lugha alikuwa Mkikuyu kuliko Mwingereza. Hata mwendo wake ulikuwa wa Kikuyu. Aliweka mguu mmoja mbele ya mwingine katika mstari mmoja, kama mtu aliyezoea njia nyembamba za vilimani.

UGENI WA KWELI

Vita vilipokwisha, jamaa ilisafiri tena Uingereza, na mwaka wa 1920 Louis, mwenye miaka 16, alitiwa katika shule ya bweni ya Weymouth, kusini mwa nchi ile. Watu wengi hudhani ya kuwa shida ya jamaa iliyo ugenini ni kufika kwenye ugeni. Habari za Louis zaonyesha kwamba shida kubwa zaidi yaweza kuwa ni kurudi mahali paitwapo kwenu.

Sura yake ilikuwa ya Kiingereza, jina lake la Kiingereza, na baba yake kasisi wa Kiingereza. Kwa hiyo hakuna aliyemwonea huruma kama mgeni. Mwafrika angalikwenda Weymouth wakati ule, watu wangalisema, "Huyu hajui desturi zetu, na tumweleze." Louis alitazamiwa kujua. Hakujua mchezo wa kriketi. Hakujua maneno ya utani ya shule wala vyeo vya wanafunzi. Yeye aliyelala katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, sasa alihitaji ruhusa kutoka nje ya lango, akaambiwa saa ya kulala na saa ya kuzima taa. Wavulana walimcheka. Hakuwa na rika hapo, wala hapakuwa na mzee wa kumwendea.

Alipoeleza nia yake ya kwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, akashauriwa afikirie kazi ya benki. Hakukubali. Akasoma kwa bidii kwa miaka miwili, na mwaka wa 1922 akaingia St John's College, Cambridge.

Huko Cambridge ilitokea habari ambayo Wakikuyu wengi walipoisikia walicheka kwa furaha. Mwanafunzi wa lugha za kisasa alitakiwa kuchagua lugha mbili. Louis alichagua Kifaransa, na ya pili Kikuyu. Wakubwa wa chuo wakatazama sheria zao, wasione neno la kumkataza. Walakini ilitakiwa hati kutoka kwa mwenyeji wa lugha, yenye kushuhudia kwamba mwanafunzi aijua. Hati hiyo ilitoka kwa Chifu Koinange wa Kiambu, naye hakuitia sahihi kwa kalamu, bali kwa alama ya dole gumba. Chuo chenye umri wa mamia ya miaka kikapokea dole gumba la mzee wa Kikuyu kuwa ushuhuda wa elimu. Yasimuliwa pia kwamba mwalimu aliyewekwa kumsimamia alijua Kiganda, si Kikuyu, hata mwanafunzi akawa ndiye amfundishaye mwalimu wake.

Mwaka wa 1926 Louis alimaliza masomo, akarudi Kenya kuchimbua habari za watu wa kale. Kazi yake na ya mkewe Mary huko Olduvai, Tanganyika, ambako Mary alipata fuvu mashuhuri la kale mwaka wa 1959, yajulikana duniani kote. Lakini kazi yake nyingine haijulikani sana. Kuanzia mwaka wa 1937 alikaa na wazee wa Kikuyu kwa muda wa karibu miaka miwili, wakamweleza desturi zao tangu kuzaliwa kwa mtu hata kufa kwake, ili zisipotee pamoja nao. Kitabu hicho kikubwa, chenye mabuku matatu, kilipigwa chapa mwaka wa 1977, miaka mitano baada ya yeye mwenyewe kufariki.

Ndugu zake nao hawakukaa Ulaya. Douglas alifanya kazi ya misitu katika Kenya. Gladys aliolewa na Leonard Beecher, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Afrika Mashariki, na mke na mume walitunga pamoja kamusi ya Kikuyu na Kiingereza. Julia aliolewa na Lawrence Barham, aliyekuwa askofu katika Rwanda na Burundi. Watoto wote wanne wa nyumba ile yenye paa la kuvuja walirudi upande huu wa bahari.

MPAKA WA LUGHA

Je, kujua lugha na kuingia rika kwatosha kumfanya mgeni awe mwenyeji? Swali hili lilijibiwa kwa uchungu.

Ardhi ya Wakikuyu ilikuwa imechukuliwa na kupewa walowezi wa Kizungu. Louis aliijua vema sheria ya Kikuyu ya ardhi, na mwaka wa 1932 aliieleza mbele ya Tume ya Ardhi ya Kenya. Lakini kueleza si kurudisha. Hali ya Hatari ilipotangazwa, mwezi wa Oktoba 1952, kila mtu aliulizwa yuko upande gani, na Wakaruigi, mwana wa rika la Mukanda, alikuwa upande wa Serikali. Katika kesi ya Jomo Kenyatta huko Kapenguria aliwekwa kuwa mkalimani. Mawakili wa washtakiwa wakampinga, wakasema mtu aliyeandika kuwapinga washtakiwa hawezi kuwa ulimi wao. Akajitoa katika kazi hiyo.

Mzee Koinange, aliyeweka dole gumba lake kwa ajili ya kijana yule, alikamatwa mwaka huo huo, akawekwa kizuizini kwa miaka mingi, akafariki mwaka wa 1960. Mwezi wa Oktoba 1954 Gray Leakey, binamu yake Louis, mlowezi aliyesema Kikuyu na kuzoewa na majirani, alichukuliwa kutoka nyumbani kwake, akauawa. Wakati huo huo maelfu ya Wakikuyu walikuwa katika kambi, na nyumba zao kuchomwa. Lugha moja ilisemwa pande zote mbili, wala haikuzuia damu. Jamaa inaweza kushiriki hadithi, mawindo na jando pamoja na wenyeji, lakini kama haishiriki dhuluma inayowapata, siku ya hesabu itaonekana imekaa upande mwingine wa ua.

Walakini ua haukuwa mwisho wa habari. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, Louis hakuhama. Wanawe, Jonathan, Richard na Philip, walikulia Kenya, na mwaka wa 1979 Philip alichaguliwa na wapiga kura wa Lang'ata kuwa mbunge wao. Babu yake alipewa jina na wenyeji. Mjukuu alipewa kura. Kati ya jina na kura kulipita zaidi ya miaka 70.

FUNZO KWA JAMAA ZA LEO

Wasikilizaji wapenzi, leo mambo yamegeuka. Siku hizi jamaa nyingi za Kenya ndizo zilizo ugenini, katika Uingereza, Marekani na nchi za Ghuba. Baba hujifunza lugha ya huko kwa taabu, kama Giteru na kalamu yake. Watoto huipata kwa sikio, wakaanza kucheka matamshi ya wazazi wao. Kisha siku moja hurudi kumwamkia nyanya yao kijijini. Sura zao ni za kwao, majina yao ni ya kwao, na kwa sababu hiyo watu hutazamia wajue kila desturi. Wasipojua, huchekwa. Mvulana wa Weymouth angeyafahamu machozi yao.

Basi wazazi walio ugenini wasiogope watoto wao kujifunza adabu ya nchi nyingine, maana mtoto aweza kubeba adabu mbili bila kuanguka. Ila wamtayarishie njia ya kurudi. Waseme naye lugha ya nyumbani, wampeleke kwa wazee angali mdogo, na wamweleze mapema kwamba huko nako atakuwa mwanafunzi. Nao walio nyumbani, mtoto huyo akija, wasimcheke kwa kuwa hajui kusalimu. Wamwonyeshe. Wazee wa Kabete hawakungoja mtoto wa kasisi ajue desturi zao ndipo wamkaribishe. Walimtemea mate ya baraka alipokuwa bado amezungushiwa pamba, hajui hata neno moja.